Daftari la Afya ya Taifa

Mtoto huzaliwa usiku katika kijiji kilicho mbali na barabara. Siku ya tatu anashikwa na homa, siku ya nne anafariki. Jioni yake anazikwa, majirani wanakaa matanga, na juma linalofuata mama yake anarudi shambani. Hakuna aliyemwandika alipozaliwa, wala hakuna aliyemwandika alipokufa. Kwa mama yake alikuwa mtoto. Kwa Taifa hakuwa kitu, maana hakuna daftari la Serikali ambalo jina lake lilipata kuingia.

Twaanza na mtoto huyo kwa sababu maneno tunayotaka kuyasema leo ni maneno ya hesabu, na watu wengi wakisikia habari za hesabu huligeuza gazeti na kutafuta ukurasa wa mpira. Twawaomba wavumilie kidogo. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa mwenye duka aogopa kupoteza sukari na chumvi kwa kukosa daftari, yatupasaje sisi kuogopa kupoteza watu?

Maoni yetu ni haya. Nchi yetu yahitaji chombo kimoja cha kitaifa, kilichowekwa kwa sheria, chenye kazi ya kukusanya, kulinganisha na kutangaza hesabu za afya na ustawi wa wananchi. Na chombo hicho kiwe huru kusema lililo kweli, hata siku ambayo kweli hiyo haitupendezi sisi wa Chama na wenzetu wa Serikali.

Hatusemi kwamba nchi yetu haihesabu. Katika Sensa ya Agosti 23, 2022 tulihesabiwa sote, Bara na Visiwani, na ikatangazwa kwamba tu watu 61,741,120. Sensa ya kwanza baada ya Uhuru, ile ya Agosti 1967, ilitukuta tu watu milioni 12.3. Katikati ya hizo mbili tumehesabiwa mara nne. Zaidi ya hayo, zahanati na hospitali zetu zajaza vitabu vya MTUHA tangu miaka ya 1990. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao wananchi huuita RITA, huandika vizazi na vifo upande wa Bara, na Zanzibar ina wakala wake. TASAF ina orodha ya kaya maskini. Maofisa wa ustawi wa jamii wana majalada ya watoto na ya wazee.

Kila mmoja ana daftari lake, na kila mmoja amelifungia kabatini kwake. Twafanana na nyumba ambayo kila mtu ana ufunguo wa chumba kimoja, na hakuna awezaye kueleza nyumba nzima ina hali gani. Sensa hutuambia tuko wangapi, mara moja kila baada ya miaka kumi. Haiwezi kutuambia mwezi uliopita wamekufa watoto wangapi, wapi, na kwa maradhi gani. Vitabu vya zahanati huwaonyesha wale waliofika zahanati. Yule aliyefia nyumbani, na wengi hufia nyumbani, havimjui.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, hesabu iliingia kijijini pamoja na askari. Babu zetu wakajifunza kwamba ahesabiwaye hutozwa, na mwenye akili hujificha. Waingereza nao wakatunga sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini lazima ya sheria hiyo iliwaangukia Wazungu na Waasia. Mwafrika aliachwa azaliwe na afe bila karatasi. Alihesabiwa kwa ajili ya kodi na kazi, hakuhesabiwa kwa ajili ya dawa.

Ndiyo sababu wazee wetu wengi waijuao siku yao ya kuzaliwa waliipata katika daftari la ubatizo la misheni, au waliambiwa tu kwamba walizaliwa mwaka wa njaa fulani au wa nzige. Sisi tuliosomeshwa katika shule za misheni twaukumbuka mfano wa mchungaji mwenye kondoo 100. Kila mara tulifundishwa kusifu huruma yake ya kwenda porini kumtafuta mmoja aliyepotea. Lakini mchungaji yule, kabla ya kuhurumia, alikuwa amekwisha kuhesabu. Asingalihesabu, asingalijua kwamba waliobaki ni 99, na yule mmoja angaliliwa na fisi bila mtu kumkosa.

Huenda msomaji akauliza: hesabu zimemtibu nani? Jibu lake hatuna haja ya kulifuata ng'ambo, maana tunalo hapa nyumbani. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, pamoja na wasaidizi wake, iliendesha mradi wa kufuatilia vifo katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Baadaye, katika miaka ya mwisho ya 1990, kazi ya namna hiyo ikaanzishwa Rufiji. Watu waliofunzwa walipita nyumba kwa nyumba, mara kwa mara, wakiandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amekufa. Palipokuwa na kifo walikaa na ndugu wa marehemu kwa heshima na kuuliza: homa ilianza lini, alipumuaje, aliharisha siku ngapi. Kwa majibu hayo waganga waliweza kukadiria maradhi yaliyomwua.

Hesabu hizo zilipowekwa mezani pamoja na vitabu vya fedha vya wilaya, jambo kubwa likaonekana. Katika Morogoro Vijijini malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini katika makisio ya mwaka 1996 ilipewa asilimia 5 tu ya fedha za afya. Hapakuwa na mwizi wala mtu mwenye nia mbaya. Watumishi wa wilaya walikuwa wakigawa fedha kama zilivyogawanywa mwaka uliotangulia, kwa sababu hawakuwa na kitu kingine cha kufuata.

Walipopata cha kufuata, waligawa upya. Fedha ikaelekezwa kwenye vyandarua, kwenye dawa za malaria, na katika kuwafundisha waganga wa zahanati kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutazama ugonjwa mmoja mmoja. Fedha ya ziada iliyotumika haikufika dola 1 ya Kimarekani kwa kila mtu kwa mwaka. Katika muda wa miaka mitano hivi vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatudai kwamba hesabu peke yake ndiyo iliyowaponya watoto hao. Waliponywa na dawa, na vyandarua, na mikono ya waganga na wauguzi. Lakini hesabu ndiyo iliyoonyesha mahali pa kuipeleka mikono hiyo.

Hilo ni la wilaya mbili. Tukilitazama Taifa zima, twaona jinsi tunavyoteseka kwa kukosa daftari kamili. Chukueni vifo vya akina mama vitokanavyo na uzazi. Utafiti wa kaya wa mwaka 2004-05 ulisema ni vifo 578 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2010 ukasema 454. Ule wa 2015-16 ukarudi juu hadi 556. Ule wa 2022 ukashuka hadi 104. Twafurahi kuona hesabu hiyo ikishuka, na twaamini kazi kubwa imefanyika katika vituo vya afya na hospitali za wilaya. Lakini mashirika ya Umoja wa Mataifa, katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, yalisema kwamba mwaka 2020 vifo hivyo vilikuwa 238.

Kati ya 104 na 238 kuna makaburi mengi. Hatumshutumu mtu kwa uongo. Tofauti hiyo yatokana na njia zilizotumika. Utafiti wa kaya huwauliza wanawake habari za ndugu zao wa kike waliofariki. Na kwa kuwa vifo vya namna hiyo ni vichache katika kaya zinazoulizwa, hesabu hupanda na kushuka kama mtumbwi penye mawimbi. Umoja wa Mataifa nao hukadiria kwa kuchanganya vyanzo mbalimbali. Pande zote mbili zakadiria kwa sababu moja: daftari lenyewe la vifo vyote, lililojazwa kifo kwa kifo na kata kwa kata, halijakamilika.

Hapa na sisi wa magazeti tuna kosa letu, nasi twalikiri. Tukipata hesabu njema twaipiga chapa kwa herufi kubwa ukurasa wa kwanza. Tukipata mbaya twaitafutia pembe ya ndani. Ni mara chache tumeuliza hesabu hiyo imepatikanaje, na nani aliyehesabu. Mwandishi asiyeuliza hivyo hawasaidii viongozi wake, bali huwalaza usingizi.

Lipo jambo jingine, nalo ni la uchungu, lakini gazeti la Chama lisipolisema litakuwa limeacha kazi yake. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 ilirekebishwa mwaka 2018, ikawa kosa la kufungwa jela kutangaza hesabu kwa nia ya kuzipinga au kuzipotosha zile za Serikali. Mwaka uliofuata, 2019, Bunge lilirudi likaondoa adhabu hiyo, nasi twaona lilifanya vema. Kisha ukaja ugonjwa wa korona. Tangu mwisho wa Aprili 2020 hadi katikati ya mwaka 2021 nchi yetu haikutangaza hesabu za wagonjwa wala za waliokufa. Tulizika jamaa zetu bila kujua kama tunazika wachache au wengi. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Tulijifunza kwa machozi kwamba kunyamazisha hesabu hakupunguzi vifo hata kimoja. Kulipunguza tu uwezo wa muuguzi kujikinga na uwezo wa mzazi kuamua.

Tokea hapo hesabu zilianza kutolewa tena. Lakini jambo la uzito huu lisitegemee wema wa aliye madarakani, kwa maana viongozi hupita. Liandikwe katika sheria.

Tumesema afya na ustawi, wala neno la pili hatukuliweka kwa pambo. Afya ya mtu haianzii mlangoni mwa zahanati. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atibiwe bure. Ni sera njema kabisa. Lakini mzee afikapo dirishani huulizwa ushahidi wa miaka yake, naye hana cheti cha kuzaliwa kwa sababu zile tulizozieleza. Haki anayo, karatasi hana. Vivyo hivyo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa mwaka 2023, imekusudia kwamba asiye na uwezo alipiwe. Ni nani asiye na uwezo? Yuko kijiji gani? Je, orodha ya TASAF, daftari la RITA na kitabu cha zahanati zamtaja mtu huyo huyo mmoja, au zamtaja mara tatu, au hazimtaji kabisa? Pasipo jibu, fedha ya bima yaweza kumfikia mwenye sauti na kumpita mnyonge.

Tukiangalia nchi nyingine twaona jambo hili lawezekana. Australia iliunda taasisi ya hesabu za afya mwaka 1987, kwa sheria ya Bunge. Mwaka 1992 ikaongezewa kazi ya ustawi wa jamii, na jina lake likabadilishwa kulingana na kazi hiyo. Taasisi hiyo yatakiwa na sheria kupeleka taarifa mbele ya Bunge kila baada ya miaka miwili, na yakatazwa kufichua habari za mtu mmoja mmoja. Wala tusidhani kwamba wenzetu hao walizaliwa wakiwa watu wa haki katika kuhesabu. Katiba yao iliagiza kwamba wenyeji wa asili wa nchi ile wasijumlishwe katika hesabu ya watu. Kifungu hicho kiliondolewa kwa kura ya wananchi mwaka 1967, mwaka ule ule tulipofanya sisi sensa yetu ya kwanza ya Taifa huru. Maadamu wenyeji hao hawakujumlishwa, ilikuwa vigumu kuonyesha kwa hesabu jinsi walivyokuwa wakifa mapema kuliko wengine. Asiyehesabiwa hata dhuluma yake haionekani.

Wako watakaosema fedha hakuna. Twajibu kwamba fedha yatumika hata sasa, lakini yatumika vipande vipande. Muuguzi mmoja katika zahanati moja huandika habari za mgonjwa mmoja katika vitabu kadhaa. Humaliza kazi ya mchana, kisha hukaa jioni akijumlisha. Taarifa yake huenda wilayani, huenda mkoani, huenda wizarani, na mara nyingi hairudi. Haambiwi kama kijiji chake kimepona au kimezidi kuugua. Mtu asiyeona faida ya anachokiandika ataandika tu apate kumaliza, na hesabu iliyoandikwa hivyo ni mbaya kuliko kukosa hesabu, maana hudanganya.

Wako pia watakaoogopa, kama walivyoogopa babu zetu, kwamba kuhesabiwa ni kutozwa au kuumbuliwa. Hofu hiyo si ya kijinga. Mtu mwenye ukimwi au kifua kikuu ana haki ya kujua kwamba jina lake halitatoka kabatini. Kwa hiyo siri ya mtu ilindwe kwa sheria kali, na anayeitoa aadhibiwe. Hesabu ya wote iwe ya wote, lakini habari ya mtu ni yake.

Basi twapendekeza mambo manne. La kwanza, Bunge litunge sheria ya kukiunda chombo hiki upande wa Bara, kifanye kazi pamoja na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, kishirikiane na ndugu zetu wa Zanzibar kwa mkataba, ili hesabu za pande zote mbili zipate kulinganishwa. La pili, taarifa zake zitangazwe kwa tarehe zilizopangwa mapema, ziwe njema au mbaya, na Waziri azisome siku ile ile anayozisoma mwananchi. La tatu, zisomwe Bungeni, na wabunge wajibu kila mmoja kwa jimbo lake. La nne, kila zahanati irudishiwe hesabu ya eneo lake, ibandikwe ukutani, kwa Kiswahili chepesi, mama anayengoja kupima mtoto apate kuisoma.

Chama nacho kina kazi. Tangu miaka ya 1960 tumekuwa na mabalozi wa nyumba kumi, na leo tuna mabalozi wa mashina. Hakuna kilio kinacholiwa katika shina bila balozi kujua. Hatutaki balozi awe mwandishi wa hesabu, wala hesabu iwe mali ya Chama, kwa maana mtoto hazaliwi na kadi. Twataka awe mkumbushaji: apitapo kutoa mkono wa pole au wa hongera, awaambie wenye nyumba waende kwa mtendaji wa kijiji wakaandikishe. Mashehe na mapadre, wachungaji na maimamu, ambao ndio wazikao, waseme hivyo hivyo. Usajili wa watoto chini ya miaka mitano ulioanza Mbeya mwaka 2013, ambapo cheti hutolewa bure katika zahanati na ofisi za kata, umeonyesha kwamba wananchi huitikia huduma inapowakaribia. Utafiti wa mwaka 2015-16 ulikuta ni mtoto mmoja tu kati ya wanne hivi aliyeandikishwa, na tangu hapo kazi imesonga mbele mkoa kwa mkoa. Lakini usajili wa vifo umebaki nyuma sana, nao ndio utuambiao tunakosea wapi.

Tulipopata Uhuru tulitangaza vita dhidi ya ujinga, umaskini na maradhi. Jemadari hupigana vita akijua wangapi wameanguka, na upande gani wa safu. Sisi tumepigana muda mrefu kwa kukadiria, na tumeshinda mahali pengi, kwa jitihada ya wananchi na kwa rehema ya Mungu. Sasa umefika wakati wa kupigana tukiwa na daftari mkononi. Na katika ukurasa wake mmoja, kama kweli twawapenda watu wetu, aandikwe na yule mtoto wa siku nne, jina lake, kijiji chake na maradhi yaliyomwua, ili anayezaliwa baada yake apate kuishi.